Masika ya Vitabu vya Mtae

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu kuanzia leo nina cheo. Mimi Glory, mkutubi wa Lushoto, ndiye mkufunzi wa mfumo mpya kwa maktaba zote sita za Umoja wetu wa milimani, na mkufunzi lazima awe na mahali pa kulalamikia.

Mfumo wenyewe ni mtamu. Kila kitabu kinabandikwa stika ya bakodi, unakiskani kwa kishikwambi, basi. Msomaji wa Soni akiandika jina la kitabu ataona kipo Bumbuli, rafu ya tatu, bila mtu kupiga simu nne na kuambiwa "ngoja nimuulize mwenzangu." Bwana Nassir, mratibu wetu kutoka Tanga, ametupa tarehe: ifikapo 30 Mei kila maktaba iwe imeskani angalau robo tatu ya vitabu vilivyo kwenye rejista yake. Itakayoshindwa itafungwa na vitabu vyake vigawiwe nyingine. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jumatano, 12 Machi

Kitabu cha ufugaji nyuki kimeteremka na basi kutoka maktaba ya Mtae kwa ajili ya mkulima mmoja wa Irente. Kinanuka moshi kama samaki mkavu. Mkulima hakutokea. Nimekitia droo ya chini ya meza yangu, kisije kikaambukiza vingine.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hawa, mwenzangu wa Soni, ameshaskani mia mbili na anajigamba kwenye grupu la WhatsApp.

Jumatano, 19 Machi, Mtae

Nimepanda basi la mchana, nimefika jioni, na mifupa bado haijarudi mahali pake. Mimi ni mtu wa Muheza, nimezoea minazi na jasho. Huku juu ukungu unaingia ndani bila hodi.

Maktaba ya Mtae ni chumba kimoja katika ghala la zamani la ushirika. Anayeitunza ni Bi Mosi, mama wa miaka sitini na mbili, mfupi, sauti ya chini, sweta juu ya baibui. Ameitunza miaka kumi na tisa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Mosi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, pole na njia," akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili kana kwamba ananipasha moto.

Kisha akafungua mlango, na moyo ukanishuka. Rafu tupu. Rejista ina vitabu mia sita na arobaini. Nilihesabu mara mbili: sabini na kimoja.

"Bi Mosi, vitabu viko wapi?"

"Vipo."

"Vipo wapi?"

"Vipo kwa watu, mwanangu. Si masika imeingia?"

"Na daftari la wakopaji?"

Akagusa paji la uso wake kwa kidole, akacheka. Mimi sikucheka. Mama mtu mzima anapewa mali ya umma, anaigawa kama pilau ya harusini, halafu anakuonyesha kichwa!

Kusema kweli alinipokea vizuri. Hata kama mimi sifungi, alinifuturisha kwa uji wa pilipili manga, viazi na maharage, akanipa blanketi lake zito. Lakini ukarimu ni ukarimu na kazi ni kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Mtae simu inaita, ila intaneti inashika sehemu moja tu, kwenye kilima cha kanisa. Nimepanda hadi pale kabla ya basi. Mfumo umeuliza: vitabu ambavyo havikuskaniwa viko katika hali gani? Nikachagua "vimepotea". Vyote mia tano sitini na tisa, kwa mguso mmoja. Kwenye maelezo ya tawi nikaandika: *Mtunzaji hana utaratibu wala kumbukumbu. Vitabu vimesambaa hovyo.*

Bwana Nassir amejibu kabla sijafika Mlalo: "Kazi safi, dada Glory. Hali ikibaki hivi hadi 30 Mei, Mtae tunafunga."

Nimejisikia mtu wa maana njia nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Bi Mosi ameniletea njegere fuko zima kwa mkono wa kondakta. Karatasi ndani: "Za kwako na za wenzio." Nimezipika na nazi. Zilikuwa tamu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua siku ya tano. Hapa Lushoto tumeanza kupata kuvu kwenye rafu ya ukutani. Kila masika ni hivi. Mwaka jana tulitupa vitabu arobaini na kimoja, tukaandika barua, tukasahau.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaandika polepole.

Leo watunzaji wenzangu watano wamekuja Lushoto kwa mafunzo ya kutafuta. Bi Mosi alitoka kwake alfajiri, viatu kwenye mfuko wa plastiki, ndala miguuni. Nilimkalisha karibu na dirisha. Nikawafundisha: andika neno, gusa kioo cha kukuza, soma. Kila mtu akajaribu. Hawa wa Soni akatafuta vitabu vya mapenzi, tukacheka.

Bi Mosi alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayepanda maharage. M. T. A. E. Nilikuwa nyuma yake. Niliona anachoandika na nikajua kitakachotokea, na sikuweza hata kukohoa.

Ukurasa ukafunguka. *Tawi: Mtae. Vitabu: 640. Vimepotea: 569. Pendekezo: kufungwa baada ya 30 Mei. Maelezo: Mtunzaji hana utaratibu wala kumbukumbu. Vitabu vimesambaa hovyo. Ameandika: Glory, Lushoto.*

Alisoma yote. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alipomaliza alirudi juu akasoma tena. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasema kwa sauti ileile ya chini:

"Mashine inasoma vizuri. Herufi kubwa, hata mimi nimeona."

Akainuka akaenda kusaidia kugawa chai. Akanipa kikombe changu kwa mikono miwili. Laiti angenitukana.

Watu walipotawanyika kusubiri mabasi nilimfuata barazani. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akaniangalia.

"Hujakosea kuhesabu. Sabini na kimoja ndivyo ulivyoviona."

"Lakini vingine viko wapi? Niambie leo. Sikukuuliza vizuri."

"Hukuuliza kabisa," akasema, na hapo tu nikaona macho yake yamelowa. "Ulisema 'viko wapi' kama polisi. Mtu akiulizwa hivyo anajibu kidogo."

Nikakaa chini kwenye ngazi. Akakaa na yeye, akanieleza.

Ghala linavuja, isipokuwa kona ile ya vitabu sabini na kimoja. Masika ya kwanza baada ya kupewa funguo, vitabu mia moja na thelathini vililowa vikaoza, akavizika shambani kwake kwa sababu aliona aibu kuvitupa jalalani. Masika ya pili akafanya wanavyofanya wenye mifugo.

"Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wanne hawalazi wote zizi moja. Mmoja kwa shemeji, mmoja kwa rafiki, mmoja ng'ambo ya bonde. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hujafilisika. Na yule anayekutunzia anakunywa maziwa. Basi nikasema vitabu navyo vikatunzwe. Kabla mvua hazijaanza kila nyumba inachukua vyake, saba, kumi, wanaviweka darini juu ya jiko. Moshi unakausha, mdudu hasogei. Maziwa yao ni kusoma. Mvua ikikatika, mwezi wa sita, vinarudi vyote. Mwaka jana vilirudi vyote, kasoro kimoja kilicholiwa na mbuzi, na mwenye mbuzi alikuja kuniomba radhi na kuku."

"Na unajua kila kimoja kiko kwa nani?"

"Niulize."

Nikamtajia vya rejista, kwa kubahatisha. Cha magonjwa ya kuku? Kwa Zainabu, bondeni. Cha hesabu darasa la saba? Viwili kwa Idrisa fundi, kimoja kwa mwalimu wa madrasa. Nilimtajia kumi na tano. Hakusita hata kimoja. Na mimi ndiye niliyeandika hana kumbukumbu!

Basi lake likapiga honi. Akashuka ngazi, akarudi nusu.

"Glory mwanangu, wakifunga, wale watu nitawaambia nini? Wamevitunza vizuri."

Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto hivyo kila siku. Nimeona haya leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimejaribu kufuta maelezo yale. Hayafutiki. Mfumo unaruhusu kuongeza tu, chini yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia Bwana Nassir, nimemweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, sifa hiyo nampa.

"Dada Glory, nakuamini. Ila 'vimepotea' haiondoki kwa maneno, inaondoka kitabu kimoja kimoja, kwa kuskaniwa. Mnahitaji mia nne na themanini. Tarehe siwezi kuisogeza, wengine watano nao wataomba."

Nikampigia Bi Mosi: awaambie watu wavirudishe ghalani, niende nikaviskani siku moja.

"Nivitoe pakavu nivilete kwenye mvua kwa ajili ya mashine?"

"Kwa ajili ya kuiokoa maktaba, mama."

"Ukiokoa maktaba kwa kulowesha vitabu umeokoa nini? La, mwanangu. Mashine yako ina miguu?"

"Haina."

"Wewe unayo. Njoo."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimeomba mvua ikatike. Imeongezeka.

Jumanne, 22 Aprili

Mlima umeporomoka juu ya barabara ya Mtae. Hakuna aliyeumia, lakini mabasi hayapandi.

Ijumaa, 25 Aprili

Bado.

Jumanne, 29 Aprili

Bado. Hawa amemaliza Soni yote, asilimia tisini na sita. Nimempongeza kwa moyo mmoja, moyo wa pili umelia. Baadaye amenipigia: "Shoga, stika zimenibaki mia tano. Nakutumia. Usiniulize kwa nini."

Jumatatu, 5 Mei, Mtae

Njia imefunguliwa jana. Nimeomba likizo yangu ya wiki mbili na nimepanda na basi la kwanza. Stika mia sita, kishikwambi, mabuti ya mpira. Bi Mosi alikuwa amesimama stendi na mwavuli. Alinipokonya begi.

Jumanne, 6 Mei

Nyumba saba, vitabu hamsini na viwili. Nimeteleza mara tatu. Mara ya nne Bi Mosi, ambaye ana umri wa mama yangu na amevaa ndala, alinishika mkono na hakuniachia tena hadi jioni.

Kila nyumba ni hivyohivyo. Hodi, "Onga mshi," ndiyo salamu yao, Kishambaa kinamiminika, nasikia jina langu katikati, wananitazama. Kisha mtu anapanda darini na kuteremsha furushi limefungwa nailoni. Ndani vitabu vikavu, vyeusi kidogo pembeni, vinanuka moshi. Nafuta mkono, nabandika, naskani. Kwenye kioo "kimepotea" inageuka "kipo". Wenye nyumba wanashangilia kama mpira umeingia golini.

Tatizo: mfumo unadai rafu. Hauendi mbele bila rafu. Nimemuuliza Bi Mosi niandike nini. "Si andika kilipo?" Basi nimefungua rafu mpya: *Kwa Zainabu, bondeni, darini.*

Alhamisi, 8 Mei

Jumla mia mbili na arobaini na mbili, pamoja na vya ghalani. Nyama za uso zinauma kwa kucheka. Mzee mmoja amekataa kuteremsha kitabu mpaka amalize sura, tumemsubiri tukila mahindi.

Nimegundua kitu. Njiani Bi Mosi hazungumzii vitabu kwa majina. Anasema "kile kilichomtoa Jafari kwenye pombe," "kile alichosomewa mama Mariamu mpaka akajifungua." Nimesomea ukutubi miaka mitatu na sikuwahi kufundishwa kuorodhesha hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Leo tumefika nyumba iliyo peke yake chini ya mteremko. Bi Mosi alipunguza mwendo tangu mbali. Mwenye nyumba, Hassani, alifariki mwezi wa pili. Alikuwa akitunza vitabu darini tangu mwanzo, ndiye aliyemsaidia kuzika vile vitabu vilivyooza. Mwaka huu Bi Mosi hakumpelekea furushi mjane wake, Salama. Aliona vibaya kumbebesha mtu mzigo kwenye msiba.

Salama alitukaribisha, akatupa chai. Kisha akasema:

"Dada Mosi, masika imeingia, nimekusubiri na vitabu hukuja. Nikajua nyumba yangu imeshafutwa."

Bi Mosi aliweka kikombe chini. "Salama, nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma ndiyo hiyo ya kunipita?"

Walikumbatiana wakalia, na mimi nikalia na wao, na kishikwambi mapajani. Baadaye Bi Mosi alifungua begi akatoa vitabu tisa vya ghalani alivyokuwa anaipelekea nyumba ya mbele, akampa. Salama alivifunga kwenye kanzu ya marehemu, nyeupe, akapanda darini mwenyewe.

Nikauliza rafu niiandikeje. "Andika kwa Hassani," alisema. "Bado ni kwake."

Nimeandika.

Jumanne, 13 Mei

Mia tatu na tisini. Mvua imetufungia ndani nusu siku. Bi Mosi amenisuka.

Ijumaa, 16 Mei

Mia tano na kumi na saba! Nyumba sitini na tatu. Vilivyobaki viko ng'ambo ya bonde, njia ya huko imekatwa na maji. Nimempa kishikwambi cha Mtae avimalizie mwenyewe njia ikikauka. Tulipanda wote kilima cha kanisa kutuma. Alibonyeza yeye. Kidole kimoja, taratibu.

Jumatatu, 19 Mei, Lushoto

Bwana Nassir amepiga asubuhi na mapema.

"Dada Glory, naona hapa rafu sitini na tatu zenye majina ya watu. Kuna rafu inaitwa 'Kwa Idrisa fundi, juu ya jiko, kushoto.' Huu ni mfumo au ni ukoo?"

Zamani ningeomba radhi. Nikamwambia, "Bwana mratibu, hapa Lushoto rafu zetu zina namba na masika hii tumetupa vitabu ishirini na nane kwa kuvu. Mtae hakijalowa hata kimoja. Wewe niambie rafu ipi ni rafu."

"Yule wa kushoto ya jiko," akasema, "anasoma nini?"

Ijumaa, 30 Mei

Mtae haifungwi. Barua imefika saa nne, Bwana Nassir ameongeza kwa kalamu yake kwamba ataomba mabati ya ghala. Ahadi ni deni, tutamkumbusha.

Nimefungua ukurasa wa tawi. Maneno yangu ya Machi bado yapo na yatakuwepo. Chini yake nimeongeza: *Niliyeandika hapo juu sikuuliza. Mtunzaji anajua kila kitabu kilipo, na kila aliye nacho. Glory, Lushoto.*

Jumatatu, 2 Juni

Nilikuwa natafuta kibanio cha karatasi. Droo ya chini. Kitabu cha nyuki!

Tangu Machi. Kwenye mfumo kimeandikwa "kimepotea", na aliyeandika ni mimi, na kilikuwa kwenye meza yangu, karibu na goti langu. Nimekinusa. Kikavu kabisa. Nimekiskani upesi kama mwizi anayerudisha, nikampigia Bi Mosi.

"Mama, kile cha nyuki..."

"Kiko kwako, droo ya chini. Kondakta alikuona ukikitia siku ile alipokileta. Alikwambia kwaheri hukumsikia."

"Ulijua muda wote? Tulitembea nyumba sitini na tatu na hukunitajia?"

"Nilikuwa najua kilipo," akasema. "Kitabu kikijulikana kilipo hakijapotea."

Nikamwambia nakituma kesho na basi.

"Huku bado kunanyesha. Kitunze."

Jumatano, 4 Juni

Leo msomaji ameulizia habari za nyuki. Nikaandika, nikagusa, nikasoma, kama ninavyowafundisha. Bi Mosi alikuwa amepanda kilima cha kanisa jana. Sijui ilimchukua muda gani, kwa kidole kile kimoja.

*Ufugaji wa nyuki. Tawi: Mtae. Hali: kipo. Rafu: Kwa Glory, Lushoto. Maelezo: Nyumba haivuji. Mtunzaji ni mwenetu.*

Msomaji amenikuta nafuta macho akaniuliza kama kitabu kimekosekana. Nimemwambia kipo, asome hapahapa mezani. Jioni nimekibeba hadi nyumbani. Jiko langu ni la gesi, moshi halina, lakini nimekiweka juu ya kabati la jikoni, mahali pakavu kuliko pote.